Rangi ya Wapi? Hotuba ya fundi kuhusu mota ya fanesi

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni mbele ya Waswahili wenzangu wa Minneapolis na vitongoji vyake, kuhusu fanesi, yaani mashine ya gesi inayopasha nyumba joto. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu kazini. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hazikuwa nzuri hata hivyo.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliojibanza karibu na sinia la sambusa, nawaona.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nizungumze habari za fanesi, nilimwambia, "Kaka, watu wametoka kazini wamechoka, hawajaonana mwezi mzima, wewe unataka nisimame niwaeleze mota?" Akaniuliza swali moja tu: "Msimu uliopita umeamshwa usiku wa manane na Waswahili wangapi?" Nikanyamaza. Ndiyo maana niko mbele yenu.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyekua na fanesi nyumbani? Nyoosheni mikono. Hakuna. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu joto halitafutwi, linakimbiwa. Hata wenzetu wa Lushoto na Limuru wanaojua baridi, wanajua kuota moto na kujifunika blanketi. Leo kila mmoja wetu hapa ana sanduku la chuma kwenye besimenti, linanguruma usiku kucha, na hatulijui ndani lina nini. Tunalijua siku likinyamaza.

Na msiseme hivi ni vitu vya wenyewe, sisi wageni havituhusu. Mwaka 1919, dada mmoja mweusi wa Morristown, New Jersey, Alice H. Parker, alipewa hataza ya mfumo wa kupasha nyumba joto kwa gesi. Mwaka 1919! Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba mashine hii haina mkono wa mtu mweusi.

Sasa tuelewane kwanza inavyofanya kazi, maana bila hapo nitakuwa nawaimbia. Themostati, kile kidude cha kupangia joto ukutani, ikihisi baridi inatuma ishara ya volti 24. Kifeni kidogo kinaanza kuvuta moshi kuupeleka nje. Kiwashio kinawaka chekundu, vali ya gesi inafunguka, moto unashika. Baada ya nusu dakika hivi, ndipo feni kubwa inaamka na kuisukuma hewa ipite kwenye chuma chenye moto, iingie kwenye mifereji, ifike chumbani kwako. Feni hiyo kubwa ndiyo habari yetu leo. Mota yake ikifa, moto utawaka kama kawaida, lakini joto halina wa kulibeba. Chuma kinachemka, swichi ya usalama inakata gesi, kinapoa, gesi inarudi, kinachemka tena. Ukiona fanesi yako inawaka dakika mbili tatu halafu inazima, na matundu ya hewa hayapumui chochote, shuku feni.

Haya. Nina neno moja la kuwafundisha, na nitalirudia hadi mnichoke. Nikisema "Rangi!", mnijibu "Ya wapi?" Tujaribu. Rangi!

(Ya wapi?)

Hamjala nini? Rangi!

(Ya wapi!)

Nawaeleza sababu. Miaka ile nilipofika hapa niliishi na Mkenya mmoja, mtu mwema sana. Siku moja akaniambia, "Nimemwacha bibi nyumbani na mtoto mchanga, hajapona vizuri." Mimi nikashika kichwa. Bibi! Na mtoto mchanga! Kwetu Tanga bibi ni mama wa mama yako. Kwake yeye bibi ni mkewe. Wiki iliyofuata akaniambia nyanya yake anaumwa, nikamwuliza anaumwaje, zimeoza? Sote wawili tunasema Kiswahili. Neno ni lile lile, maana imehama.

Basi na waya ni hivyo hivyo. Mafundi wenzangu mliosomea nyumbani, tulifundishwaje? Kwenye nyumba za zamani, nyekundu ni laivu, yaani wenye umeme, nyeusi ni nyutro, wa kuurudisha, kijani ni erthi, wa kwenda ardhini. Kwenye nyumba mpya, kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani na njano ni erthi. Hapa Marekani, waya wa nyumba ukiwa mweusi ni laivu. Mweusi! Ule ule tuliozoea kuushika bila wasiwasi. Nyutro ni mweupe, na erthi ni kijani au shaba tupu isiyovishwa kitu. Umeme wenyewe ni volti 120, nusu ya wa kwetu, na kuna watu wanadhani kwa hiyo hauui. Unaua.

Hapo tumezungumzia nyaya za nyumba tu. Ukiingia kwenye mota, rangi zinahama tena. Mota nyingi za feni za mtindo wa zamani zina mkia wa nyaya sita saba. Mweupe ndio wa pamoja, unakwenda kwenye nyutro. Mweusi ni mwendo wa kasi kuliko yote. Bluu ni mwendo wa kati. Mwekundu ni mwendo wa pole. Wakati mwingine kuna njano katikati yake. Na zile mbili za kahawia, au moja kahawia na nyingine kahawia yenye mstari mweupe, hazina uhusiano wowote na laivu. Hizo ni za kapasita.

Kuna kijana mmoja, fundi hodari kabisa, amefunga umeme kwenye majumba makubwa Mwanza. Feni ya shemeji yake ikafa, akanunua mota mpya akaifunga mwenyewe. Akaangalia nyaya, akaona kahawia, akaona bluu, moyo ukatulia. Kahawia akaipa laivu, bluu akaipa nyutro, nyingine akazikunja akazifunga tepu. Mkono wake ulifanya kazi safi, nimeiona kwa macho yangu, viunganishi vimekaza, tepu imezungushwa kwa ustadi. Akawasha. Mota ikaguna, haikuzunguka, ikapata moto, ikanuka, ikanyamaza. Mota mpya, bado ina vumbi la boksi. Aliponiita aliniambia, "Kaka, wameniuzia bovu." Nikamwonyesha kibandiko ubavuni mwa mota. Mchoro wote ulikuwapo, rangi moja moja na kazi yake. Hakuwa ameusoma, na kwa nini ausome? Yeye ni fundi.

Rangi!

(Ya wapi!)

Na jibu la "ya wapi" liko kwenye kibandiko cha mota mpya. Mota ya zamani haikupi jibu hilo, na kaka yako aliyefunga yake mwaka juzi hakupi. Hata haya niliyowatajia sasa hivi yachukueni kama desturi, maana wapo watengenezaji wenye mpangilio wao. Nami kila mota ninayofunga nakisoma kibandiko, nimevaa miwani, kama mzee anayesoma barua ya benki.

Sasa nije kwenye zile nyaya za kahawia na kapasita yake, maana hapa ndipo pesa zenu zinapotelea. Kapasita ni kikopo cha bati, kimo chake kama kopo dogo la nyanya, za kupikia, Wakenya mniwie radhi. Kazi yake ni kuipa mota msukumo wa kuanza na kuisaidia inapozunguka. Ikichoka, mota inaguna bila kuzunguka, au inaanza kwa uzito. Mama mmoja hapa, yuko ukumbini lakini simtaji, aliambiwa na fundi mmoja kwamba mota imekufa, alipe dola mia saba. Akanipigia. Nikamwambia mama yangu, ngoja. Nilifika, nikazima umeme, nikapima kapasita. Imeandikwa maikrofaradi 10, ndicho kipimo cha kapasita, mita inasoma 3. Nikaweka mpya, haikufika dola 20, feni ikaamka. Mota yake mpaka leo inazunguka. Kwa hiyo kabla hujanunua mota, pima kapasita.

Na ukinunua mota, nunua na kapasita yake mpya pamoja. Hapa narudi kule kule kwenye kibandiko. Mota ya zamani ilikuwa ya maikrofaradi 5, mpya imeandikwa 10, mtu anasema hii kapasita bado nzima, naitumia. Itazunguka. Utafurahi. Lakini inazunguka kwa shida, inachemka, na mimi nimeshatoa mota ya namna hiyo ikiwa imekaa wiki tatu. Maikrofaradi zifanane na kibandiko. Volti, ukipata iliyo juu zaidi hakuna neno: palipoandikwa 370 unaweza kuweka ya 440. Iliyo chini, hapana. Zile pini mbili hazina chanya wala hasi, kahawia yoyote inakaa popote. Ila kapasita inatunza umeme hata baada ya kuzima. Ukitaka kuigusa, itolewe chaji kwanza kwa rezista, kisha uhakikishe kwa mita. Mimi iliwahi kunirusha mkono ukagonga bati la fanesi, na kovu ninalo hapa kwenye kifundo. Nilikuwa na haraka ya kuwahi futari.

Kuzima umeme nako kuna kisa. Pembeni ya fanesi huwa kuna swichi inayofanana kabisa na swichi ya taa. Familia moja ililala na makoti usiku mzima kwa sababu mtoto wa miaka minne alishuka besimenti akaizima, akidhani anasaidia kubana umeme kama alivyofundishwa. Nililipwa chapati. Basi ukifanya kazi, zima swichi hiyo, zima na breka kwenye boksi la umeme, kisha pima kwa mita kwamba kweli hakuna kitu. Na ile swichi ndogo ya mlangoni, inayokata umeme ukifungua mlango wa fanesi, nimekuta watu wameibana kwa tepu ili waone feni ikizunguka. Msifanye hivyo. Mlango ule ukiwa wazi, feni inaweza kunyonya moshi wa gesi na kuusambaza vyumbani walikolala watoto.

Tuendelee. Miendo. Kwenye bodi ya umeme ndani ya fanesi kuna pini zimeandikwa HEAT na COOL, na nyingine PARK. Bodi inatoa laivu kwenye HEAT wakati wa baridi na kwenye COOL wakati wa kiyoyozi. Wewe ndiye unayechagua waya gani wa mota ukae wapi. Na hapa watu wananiuliza, "Fundi, zile zilizobaki je?" Zilizobaki zinakaa kwenye PARK, au kila mmoja unavishwa kofia yake na tepu yake. Kila mmoja peke yake! Kwa nini? Kwa sababu mota ikizunguka, waya ule usiotumika una umeme ndani yake, unatoka kwenye koili ile ile, yaani waya uliosokotwa ndani ya mota. Ukizisokota pamoja umeiunganisha koili na yenyewe, itaungua. Nilimkuta bwana mmoja amefunga mweusi na bluu pamoja kwenye pini ya HEAT. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Nilitaka zisaidiane." Zisaidiane! Kama ng'ombe wawili kwenye jembe. Mota ile ilidumu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Je, joto lataka mwendo gani? Wengi wanasema, weka kasi yote, nyumba ipate moto haraka. Jirani yangu alifanya hivyo, waya mweusi kwenye HEAT. Hewa ikawa inatoka kwa nguvu lakini vuguvugu, mkewe analalamika anapulizwa na upepo wa baridi akiwa kwenye kochi. Hewa imepita mbio, haikupata nafasi ya kubeba joto. Ukiiweka pole mno nako, joto linabaki kwenye chuma, swichi ya usalama inakata, na chuma kinachochemshwa kupita kiasi mwaka baada ya mwaka huishia kupasuka.

Hivyo basi, unapima. Kibandiko cha fanesi yenyewe kinakuambia joto la hewa lipande kiasi gani. Tuseme kimeandika 35 hadi 65, vipimo vya Farenhaiti. Chukua kipimajoto, pima hewa inayorudi, tuseme ni 68. Subiri kama dakika kumi na tano, pima inayotoka. Ikiwa 120, toa 68, unapata 52. Uko katikati, funga mlango ukale. Ikiwa 140, unapata 72, umezidi, ongeza mwendo. Ikiwa 95, unapata 27, punguza mwendo. Ni hesabu ya darasa la pili, na mafundi wengi hawaifanyi kwa sababu inawabakiza kwako dakika kumi na tano zaidi.

Sasa kosa langu mimi mwenyewe, msije mkadhani nimekuja kuwasema wenzangu tu. Mnakumbuka Januari 30, 2019? Hapa Minneapolis ilishuka hadi digrii 28 chini ya sifuri kwa vipimo vya hapa, yaani 33 chini ya sifuri kwa vipimo vya kwetu. Ukimwaga maji yanaganda kabla hujageuka. Usiku ule niliitwa nyumba nne. Ya tatu nilifunga mota mpya, ndevu zangu zina barafu, vidole siviamini. Nikasoma kibandiko, nyaya zote sawa, kapasita sawa, nikawasha, feni ikazunguka, hewa ikatoka. Wenyeji wakapiga makofi. Nikaondoka. Baada ya siku mbili baba mwenye nyumba akanipigia: fanesi inawaka na kuzima, chumba cha juu baridi. Nikarudi. Unajua nilikuta nini? Feni ilikuwa inazunguka kinyumenyume.

Na hilo ndilo jambo la kushangaza kwenye feni hizi zinazofanana na tenga la panya: ukiizungusha kinyume, hewa bado inatoka upande ule ule, ila dhaifu. Hainyonyi badala ya kupuliza, ndiyo maana sikugundua. Mota nyingi za akiba zinaweza kwenda pande zote mbili, kuna viunganishi viwili vidogo unavibadilishana. Kwenye kibandiko palikuwa na mchoro wa pili, chini ya ule wa kwanza, unaoeleza hivyo. Sikufika chini. Nilisoma nusu nikatosheka. Nilimrudishia yule baba hela yake ya safari na nikamwomba radhi mbele ya watoto wake.

Ndugu zangu, naomba nimalizie na wale wasiopaswa kugusa.

Kama umepanga, weka bisibisi chini. Si kazi yako. Sheria ya Minnesota, tangu Januari 2024, inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto halipungui digrii 68 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, isipokuwa pale ambapo kampuni ya umeme au gesi inaagiza joto lipunguzwe. Mwandikie ujumbe, tunza nakala, piga picha ya themostati. Najua baadhi yetu tunaogopa kulalamika, tunadhani tutafukuzwa. Njoo uniambie, tutaandika pamoja.

Kama fanesi yako ni mpya, ya baada ya Julai 2019, karibu hakika mota yake si ya aina hii niliyoieleza. Kanuni ya serikali ya Marekani ya ufanisi wa feni ilianza kushika fanesi zinazotengenezwa kuanzia wakati huo, na watengenezaji wakahamia mota zenye bodi ya kielektroniki ndani yake. Hizo miendo yake haipangwi kama nilivyoeleza, hazina kapasita ya nyaya za kahawia, zina soketi yenye pini nyingi na programu ndani yake. Ukiona soketi ya namna hiyo, sahau yote niliyosema. Tafuta mota ile ile yenye namba ile ile.

Na kama unasikia harufu ya gesi, au kengele ya monoksidi ya kaboni imelia, sitaki mnipigie simu mimi kwanza. Tokeni nje. Na makoti mtayavaa huko huko nje. Kisha pigeni 911. Monoksidi ya kaboni ni gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na jimbo hili linataka kengele iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Nimeingia nyumba za Waswahili nikakuta kengele ipo, iko kwenye droo, betri imetolewa kwa sababu ilikuwa inapiga kelele mama akipika. Nani anajijua? Sawa, siulizi. Lakini mkirudi usiku huu, irudisheni ukutani, na betri mpya.

Nimeleta mota moja iliyokufa, iko pale mezani karibu na birika, pamoja na mita mbili. Kibandiko chake nimekibandua makusudi. Watoto wa sekondari, na kina mama mliokuwa mnaandika, nataka mje mnipimie. Weka ncha moja ya mita kwenye waya mweupe, nyingine uipitishe kwenye mweusi, kisha bluu, kisha mwekundu, na uandike omu unazozipata, yaani kipimo cha ukinzani wa waya. Kwenye mota ya aina hii mwendo wa kasi ndio wenye omu chache kuliko yote, wa pole ndio wenye nyingi. Ila mota hii ina waya mmoja umechezewa rangi, nimeupaka mwenyewe jana usiku. Atakayeniambia ni upi, boksi la haluwa kutoka kwa mama yangu Tanga ni lake.

Mwenyekiti, nimemaliza. Chai isipoe.